Kikapu cha Amwani Nilichokikana Sokoni

Rwamishenye, Bukoba
Jumapili, baada ya ibada

Mawe, mama yangu mpendwa,

Shikamoo, waitu. Namshukuru Mungu aliyekufikisha leo. Mguu unaendeleaje? Bado unakuamsha alfajiri, au ile dawa ya kuchua niliyotuma imesaidia? Na kibanja, migomba imesimama baada ya ule upepo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yako ukiipokea nyumba nzima inasikia, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Mwinjilisti wetu anakuja huko Muleba kesho, nimemwomba akukabidhi mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mjukuu wako Elina akusomee, maana jambo lenyewe linamgusa.

Nilipokuja mara ya mwisho nikakuomba kikapu cha amwani, kile unachowatolea wageni kahawa ya kutafuna, nilikuambia ni cha kupamba madhabahu siku ya mavuno. Nilikudanganya, mawe. Kilikuwa cha kupigia picha.

Unamjua Renatha, ninayemfanyia kazi ya kufunga kahawa kwenye pakiti. Alisema pakiti zetu tukizipiga picha mezani zinaonekana kama sumu ya panya. Wateja wa kwenye simu wanataka kuona watu, soko, uhai. Tulipaswa kuomba kibali cha soko kwanza, na nilimwambia hivyo. Akacheka. "Dada Koku, tunaingia kama wanunuzi. Tunatandika, napiga dakika mbili, tunatoka. Watakaoshtuka watakuta tumeshafika nyumbani." Alitaka na kikapu chenye umri. Nikakumbuka chako, na ule ukingo ambao Tata, marehemu baba yangu, aliushona kwa uzi wa nyavu. Nikajua ukisikia ni cha sokoni hutanipa.

Jumatano asubuhi tukaingia. Soko lilikuwa limejaa. Tukapata nafasi kati ya wauza nyanya na mama mmoja wa dagaa, tukatandika kitenge, tukasimamisha pakiti mbili, na kikapu mbele yake. Nikamimina amwani, zile ulizonifungia mwenyewe. Renatha mara anachuchumaa, mara anapanda juu ya kreti la soda.

"Hiyo kahawa imekufa?" mama wa dagaa akauliza. "Mbona mnaizunguka kama msiba?"

"Mama, sogeza beseni kidogo, linaingia kwenye picha," Renatha akamwambia.

"Liache liingie. Nalo halijawahi kupigwa picha."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo tungeondoka. Lakini sikuwa nimefikiri jambo moja, mimi niliyelelewa na wewe. Kikapu cha amwani kikiwekwa mbele za watu, maana yake ni karibuni. Akaja mzee mmoja na fimbo yake, akavua kofia, akasimama akingoja. Ningefanya nini? Magoti yalishuka yenyewe. Nilipiga magoti pale kwenye maji ya nyanya, nikamwinulia kikapu kwa mikono miwili. Akachukua mbili, akatafuna, akaniuliza natoka kwa nani. Nikamtajia Tata. Akasema, "Hao ni watu wanaojua kukaribisha." Nyuma yake wakawa wamesimama wengine, wachukuzi, mama mwenye mtoto mgongoni, kila mmoja anangoja zamu.

Renatha alikuwa amepata picha yake. Akaninong'oneza, "Funga, tuondoke."

"Siwezi kuwafungia watu kikapu machoni."

"Dada, walinzi wale."

Nilipogeuka Renatha hakuwepo, alishapotelea kwenye vibanda vya khanga na simu yake. Walinzi walikuwa wawili. Mmoja, kijana mtulivu tu, akauliza kibali. Akakiinua kikapu. "Hiki ni cha nani?"

Mawe, nilikuwa nimevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa usharika. Nililiona lile gari lao nje. Niliona jinsi nitakavyopandishwa, mimi mzee wa kanisa, na watu ninaowaongoza katika sala wakinunua ndizi pale. Nikasema, "Sijui. Mimi ni mnunuzi."

Yule mzee alikuwa bado anatafuna. Hakunisemea kwa walinzi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umenikaribisha kwenye kikapu kisicho chako?" Akatema kahawa kiganjani, akaikunja ndani ya leso, akaondoka.

Sikumfuata. Wakachukua kikapu na pakiti, nami nikapita kwenye nyanya kama mtu anayetafuta nyanya.

Alhamisi nilikwenda ofisini kwao. Kijana alinikumbuka. "Mama, jana nilikuuliza mbele ya watu."

"Nilisema uongo. Ni cha mama yangu."

"Basi mama yako aje, ataje alama zake, atachukua. Wewe nikikupa leo, na kesho akija mwingine aseme ni chake?" Ana haki.

Nikafika hata Buhembe kwa mfumaji mmoja. Anacho kinachofanana sana na chako. Nilikishika muda mrefu, nikiwaza kukishona uzi wa nyavu kwenye ukingo, nikuletee. Kisha nikakirudisha. Uongo wa madhabahu umenitosha.

Najua Jumamosi ndipo wageni wa Elina wanakuja kujitambulisha, na hujawahi kupokea wakwe bila kikapu kile. Kwa hiyo nakuomba, kama mguu unaruhusu, panda basi la asubuhi Alhamisi. Nitakungoja stendi, nitakushika mkono hadi ofisini, na kabla hujataja alama yoyote mimi nitasema mbele ya kijana yule nilichofanya. Mguu ukikataa, tafadhali usinifichie aibu, waambie wageni ni Koku aliyekipoteza. Yule mzee nimemtafuta sokoni mara mbili. Sijamwona.

Nisalimie kaka, baba yake Elina, na wifi yangu ambaye najua atakasirika kwa haki. Msalimie shangazi, mdogo wake Tata, na yule jirani anayekuchotea maji, Mungu ambariki kwa kufanya kazi iliyo yangu.

Ndani ya bahasha nimeweka picha. Renatha anasema watu wa Mwanza wameipenda, wanasifu mikono ya huyo mama. Alitaka kuandika jina langu chini yake, nikakataa. Utaona vidole vya mzee vikichukua, kikapu chako, na mikono miwili inayokiinua. Sura haionekani. Mikono hiyo ni yangu, mawe. Nakuomba uitambue hiyo kwanza, kabla hujaja kukitambua kikapu.

Binti yako anayekuombea na kungoja neno lako,
Kokugonza