Chupa ya Tano

Morogoro, 4 Machi 2024

Mama yangu Bertilla, shikamoo.

Mimi mzima, kazi ndiyo nyingi. Mgongo wako unaendeleaje? Baba mdogo Isdori ananiambia umekonda. Kweli?

Nina ombi, usinicheke. Hapa maabara tunachunguza protini zinazoiamuru seli ijiue zamu yake ikifika. Kwenye utumbo zimejaa tele. Kwenye moyo na ubongo wa mnyama aliyekomaa ziko kimya, maana seli za huko zikifa hazina mbadala. Baba mdogo akimchinja yule ng'ombe mzee, niwekee utumbo, ini, moyo na ubongo, kila kimoja na chupa yake, kwenye dawa niliyomtumia. Asivikaushe juu ya jiko, tafadhali!

Mwanao, Emerensiana

Kizwite, 17 Machi 2024

Mwanangu Eme, marahaba sana.

Tumeamka salama. Mgongo ni uzee tu, uache. Kukonda ni uzushi wa Isdori, yeye anenepe peke yake.

Chupa kabeba konda wa basi. Ziko tano. Ya tano usiniulize ni kiungo gani, ng'ombe ana vingi. Wewe ipime kama zile nyingine, uniambie ukweli.

Ila kuna jambo linanitisha. Chupa hiyo ilipokuwa kabatini, mbwa wetu alilala chini yake, chakula hataki. Imeondoka, sasa ananifuata mimi. Ananusa kwapa langu la kushoto, analia. Nimemfungia nje, bado analia.

Mama yako

Morogoro, 9 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Uko salama? Nakupigia simu hupokei.

Zile nne zimekuja kama nilivyotarajia. Ya tano niliikata vipande vyembamba huku naimba, Mungu anisamehe. Protini za kuamuru kifo zimenyamaza kama kwenye moyo, lakini seli za moyo hazizaliani hivi. Hizi zinazaana ovyo, na hakuna inayokubali kufa. Nikajaribu dawa ya kutambua ng'ombe, ikakataa. Nikajaribu ya binadamu, ikakubali. Nikahisi kuna mtu mle chumbani. Mwenzangu Loth alinikuta nimekaa sakafuni.

Mama, ile nyama ya nani?

Mwanao, Eme

Kizwite, 21 Aprili 2024

Mwanangu, marahaba.

Ni yangu. Hospitali walinikata kipande kwenye titi, wakanipa chupa mkononi niipeleke mwenyewe Mbeya ikapimwe. Nikafika stendi, miguu ikagoma. Niliogopa kuambiwa na mtu nisiyemjua. Nikasema, Eme anapima nyama, ataniambia yeye. Nisamehe mwanangu, sikufikiria mikono yako.

Ulezi umestawi mwaka huu. Niambie basi, usinifiche: nitauvuna?

Mbwa kanyamaza tangu jana. Amelala kizingitini, kaugeuzia uso mlango wangu.

Mama yako

Kizwite, 26 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Naandika nikiwa kibarazani kwako, nitaisukuma barua hii chini ya mlango, maana nikikutazama usoni nitashindwa kusema. Ugonjwa ni ule unaouogopa. Kama utauvuna ulezi, sijui, na sitakudanganya. Vaa viatu, tunakwenda Mbeya wote wawili. Ulezi ukiiva, kisu cha kuvunia nitashika mimi.

Mikono nimenawa sana, Mama, kila siku tangu ile chupa. Lakini mbwa ameinuka kizingitini, ananusa vidole vyangu, na ameanza tena kulia.

Fungua.

Mwanao