Mkunga na Gazeti la Baba

2 Februari

Mwanangu,

Natumaini wewe na mumeo hamjambo. Mimi mzima, ila goti la kushoto limegoma kupanda ngazi za ofisini; nalipandisha kwa matusi.

Gazeti letu linafungwa mwezi wa tano. Miaka arobaini na moja! Kaka yako, anayelihariri tangu nistaafu, amenipa kurasa nne za toleo la mwisho niandike historia yake. Nimeanza kwa mbwembwe: mimi na marehemu mama yako tulivyonunua mtambo wa kuchapia wa mtumba, ukawa unatikisa vikombe vya majirani, yeye akipanga herufi moja moja, wewe mgongoni, na toleo la kwanza, ambalo jina la mji wetu wenyewe tulilikosea.

Lakini situlii. Naandika mstari, nasimama, nazunguka meza. Wewe una kumbukumbu kali. Nikumbushe niliyosahau.

Baba yako

11 Februari

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Pole na goti, na lipunguzie matusi. Hilo la jina la mji limenichekesha hadi mume wangu akaja kuuliza kulikoni.

Umeomba nikukumbushe. Yule mkunga wa zahanati je? Nilikuwa darasa la tano. Ulimweka ukurasa wa kwanza kwamba anauza dawa za wagonjwa. Binti yake nilikuwa nakaa naye dawati moja. Wiki ile nilihama dawati, Baba.

Miezi miwili baadaye maboksi ya dawa yakaonekana stoo ya zahanati, nyuma ya magodoro. Nilimsikia mama jikoni akikuambia, "Iandike." Ukamjibu, "Tukikiri hili, kesho nani atatuamini?" Hukuandika. Mkunga na binti yake wakahama mji.

Mkunga yumo kwenye historia yako?

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Afya yangu njema.

Gazeti hili ndilo lililopiga kelele mpaka mtaa wa machinjioni ukapata maji. Ndilo lililofanya daraja bovu lijengwe upya. Miaka yote hiyo, wewe unamwona mkunga tu? Nimeombwa kuandika maneno ya kuaga, si kufukua makaburi.

Baba yako

30 Machi

Shikamoo Baba.

Hii ni barua ya tatu bila jibu lako. Kaka anasema unatoka asubuhi umevaa kofia, unarudi jioni, na ukiulizwa ulikokuwa unasema, "Kutembea." Simu hupokei. Kama niliandika kwa ukali, nisamehe huo ukali. Maneno yenyewe siyarudishi.

Unakula? Unalala?

Binti yako

17 Aprili

Mwanangu, usinune.

Nakula. Kulala ndiyo kazi. Nilikuwa namtafuta mkunga. Muuguzi mstaafu alinielekeza kwa mwuza vitambaa, naye akanielekeza mji wa pili, safari ya saa tano. Mkunga anaishi na binti yake, yule wa dawati.

Nilipoanza kujitambulisha akanikata. "Nakujua." Kiti hakunipa. Nikamwambia nitaweka kwenye historia aya moja ya kumwomba radhi.

"Mimi uliniweka ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Herufi zilikuwa kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Basi," akasema, akaendelea kuchambua maharage yake.

Kaka yako amekuja juu: "Baba, watu wanaaga kwa heshima, wewe unataka tuage kwa aibu?" Nimemwambia kurasa zangu nne azichukue zote, anipe mmoja tu, ule wa kwanza.

Binti wa mkunga hakukuulizia. Lakini anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hilo la dawati ni lako.

Baba yako

8 Mei

Shikamoo Baba.

Nimemwandikia. Nilichana karatasi sita kabla sijapata ya kutuma. Hajajibu. Kila mlango ukigongwa nasimama. Sasa najua unavyozunguka meza.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Vumilia. Mimi nilimchelewesha mama yake miaka thelathini, naye ana haki ya kukuchelewesha mwezi.

Toleo la mwisho limetoka. Ukurasa wa kwanza, herufi zile zile: MKUNGA HAKUIBA. TULIJUA, TUKANYAMAZA. Kaka yako mwishowe alilipanga mwenyewe. Nikampelekea mkunga kwa mkono wangu. Safari hii alinipa kiti. Alisoma polepole, akarudia.

"Mmechapa ngapi?"

"Mia tisa."

"Na wakati ule?"

"Elfu nne."

Akalikunja. "Hao wengine, kila mmoja ataambiwa na nani?"

Tangu Jumatatu nazunguka mji wetu, mlango kwa mlango, gazeti mkononi. Wengi wa wakati ule wamekufa. Wengine wamesahau kabisa, kwa hiyo inabidi niwasimulie kwanza uongo wangu, ndipo niufute. Hapo nauona uso wa mtu ukibadilika, na natamani ardhi inimeze, lakini namalizia. Fundi viatu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, mimi hata siku ile sikuamini." Nikakaa kwenye benchi lake nikalia, wateja wakipita.

Leo nimefika nyumba ya hamsini na tatu. Ukipiga simu usishangae kutonipata. Sipo nyumbani.

Baba yako