Tumbo Lililonyamaza

Mtani wangu Mkude,

Umelala huko Bigwa kana kwamba reli itajijenga yenyewe. Mluguru mvivu we! Sasa nimtukane nani?

Lakini leo siandiki utani, naandika hasira. Mimi Mnyamwezi niliyebeba pembe kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, niliyesoma shule ya Mdachi miezi mitatu mizima, sikujua tumbo lako linasema nini. Maumivu yalikubana kitovuni, yakaachia, yakarudi. Nikakuigiza mbele ya wenzetu, nikajikunja: "Mkude ana uchungu, leteni mkunga!" Kambi nzima ikacheka. Hata wewe ulicheka kidogo. Nyapara akasema, "Kama mtani wake anacheka, huyu haumwi. Shika sururu!"

Siku ya pili tumbo likavimba, likakaza kama ngoma. Ukatapika maji ya kijani. Choo hakuna. Na wewe uliyekuwa ukijamba mpaka tunahama kibanda, hata upepo hakuna. Hapo sikucheka. Nikamwomba nyapara ruhusa nikubebe mpaka misheni. Akakuchapa kiboko. Wewe! Ulivyojikunja chini! Siku ya tatu hukuamka.

Misheni nilikwenda baada ya kukuzika. Mganga wa kule, nilipomsimulia, akaniambia utumbo mwembamba ulikuwa umeziba, dalili zote zilikuwa wazi. Ungewahi, pengine ungepona.

Sasa sikia. Kwenye arobaini yako nyapara alikuja kula wali. Mtani msibani hakatazwi kitu, unajua. Nikafunga mto tumboni, nikajikunja mbele ya sinia lake, nikajifanya natapika, kisha nikaita kwa sauti yake: "Huyu haumwi! Shika sururu!" Hakuna aliyecheka. Mama yako alimtazama tu. Nyapara akaacha tonge, akaondoka. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Nyapara amehamia kambi ya mbele, upande wa Kilosa. Nami nimejiandikisha huko huko. Kila akikaa kula, atanikuta nimejikunja mbele yake. Huko si msibani, najua atanichapa. Na achape! Na yeyote atakayeshika tumbo kambini, nitamuuliza: limevimba? Umetapika? Umejamba? Halafu nitambeba mgongoni, ruhusa iwepo isiwepo.

Lala, Mkude. Unisamehe kile kicheko.

Yeye simsamehe.

Mtani wako