Ngoma ya Baba wa Bibi Harusi

Mpendwa Bi Ilham wa redioni,

Kabla sijaomba msaada, naomba kutangaza kwa majonzi na heshima zote kwamba herufi Q ya kompyuta yangu haipo tena. Iling'olewa kwa bisibisi Jumapili asubuhi mbele ya shahidi mmoja, mke wangu Janet, ambaye badala ya kutoa rambirambi alisema, "Siku mwizi akipitia mlangoni, utang'oa na mlango."

Shikamoo. Naitwa Simeon, nina miaka hamsini na mbili, kitambi cha wastani, na chumba kimoja hapa Barani, Malindi, nilichokibandika magodoro ukutani nikakiita studio. Narekodi kwaya, kaswida, matangazo ya maduka, yeyote mwenye koo. Mwaka huu nikajifunza njia za mkato, yaani badala ya kuhangaika na kipanya unabonyeza herufi moja na kazi imekwisha, R unarekodi, ile ndefu ya chini unasimamisha, na Q, mama yao wote, inanyoosha mapigo, kila pigo lililochelewa au kuwahi linavutwa likae juu ya mstari wake kama mtoto wa shule paredi, nikaziandika zote kwenye karatasi nikaibandika ukutani, nikaanza kutamba, kazi ya siku nzima naimaliza kabla ya chai ya saa nne, hata Janet akaniuliza kama sasa nitafupisha na salamu.

Basi kuna rafiki yangu Baya, tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Ndiye mpigaji ngoma wa Ganze. Ukiona harusi upande ule bila yeye, ujue anaumwa. Mwezi uliopita alikuwa anamwoza bintiye wa pekee, Sidi, akanijia na ngoma zake tatu akaziweka chini, akajifuta jasho.

"Simeon, maisha yangu yote nimepiga kwenye harusi za watu. Hii ni yangu. Nataka kukaa kwenye kiti kama akina baba wenzangu."

"Na nani atapiga?"

"Mimi. Nirekodi leo, siku ile mashine ipige, mimi nipokee kadzama."

Kwa msikilizaji asiye wa kwetu, kadzama ni kile kibuyu cha pombe ya mnazi kinacholetwa na upande wa mume. Baba hakinywi mpaka amwulize binti mbele ya watu wote, "Nikinywe?" Binti akisema kunywa, basi amekubali ndoa. Ni swali la mara moja tu, na Baya hana binti mwingine.

Siku ikafika, nikapanga spika zangu kubwa uwanjani, Baya yuko kwenye kiti na koti jipya, wanawake kumi na mmoja wamefunga hando zao, zile sketi za marinda, mabega tayari, nikabonyeza, ngoma ikalia, na Bi Ilham, sijawahi kuona watu wakishtuka kwa miguu. Waliinua unyayo usijue pa kushukia. Mmoja akamgonga mwenzake. Kisha wote kumi na mmoja wakasimama kimya kama wanaopigwa picha ya kitambulisho, na ngoma inaendelea kulia, du du du du.

Hawe Pola, nyanya yake Sidi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hii ni ngoma, ama kuna mtu anatwanga mahindi?"

Baya akageuka polepole. "Simeon, nani huyu anayepiga?"

"Ni wewe."

"Si mimi."

Na wakati huohuo upande wa mume wakatokea langoni, na wageni kwetu hupokelewa kwa ngoma, kukiwa kimya ni aibu ya ukoo mzima, basi Baya akavua koti, akashika ngoma yake, akapiga, na wale wanawake wakacheza kama waliofunguliwa kamba. Lakini hakukuwa na mwingine wa kumpokea ngoma. Wazee wakamkalisha mdogo wake, Kambi, kwenye kile kiti. Kambi ndiye aliyeshika kibuyu. Kambi ndiye aliyeuliza. Sidi kabla ya kujibu alitazama kwenye ngoma, kwa babake, na babake alikuwa anapiga huku ameinamisha kichwa.

Watu waliponijia nikawaambia kompyuta ilipandwa na wazimu, labda virusi, labda ni stima ya kukatikakatika. Baya alinisikiliza, akafunga ngoma zake, akaondoka. Wiki ya tatu sasa hashiki simu yangu. Juzi tumekutana sokoni, akavuka barabara.

Bi Ilham, nimpelekee mbuzi? Nimshonee suti? Au ningoje asahau? Na je, studio niifunge? Sijui hata niombe radhi ya nini, kwa kuwa mashine ndiyo iliyokosea.

Ni mimi, Simeon wa Barani.

*

Simeon,

Marahaba. Nimekucheka kwenye bisibisi, na nilipofika kwenye kibuyu nikaiweka barua chini, nikaenda kunywa maji. Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye kipaza sauti hiki na bado kuna barua zinazonishtua. Yako imeingia humo.

Tuanze na kompyuta, kwa sababu ndilo jambo jepesi. Mimi hukata vipindi vyangu mwenyewe, kwa hivyo usinitishe na virusi. Kompyuta haiamki ikachagua ngoma tatu, ikazinyoosha moja moja, ikahifadhi. Kuna mkono uliochagua, ukabonyeza, ukahifadhi. Nawe unaujua, maana mtu anayeamini kisa cha stima angeng'oa waya, siyo Q. Halafu ndugu yangu, kitufe haking'olewi! Unaingia kwenye mipangilio ya programu, unaiondolea Q ile kazi, basi. Sasa nenda kanunue kibodi.

Ngoma ya Baya haijapotea. Programu nyingi za kurekodi haziigusi sauti ya kwanza. Zinachokuonyesha kwenye kioo ni marekebisho tu. Fungua folda ya kazi ile, tafuta humo ndani folda ya sauti, utakuta ngoma zote tatu kama alivyozipiga. Zinakili kwenye diski nyingine leo hii kabla hujagusa kitu. Na kuanzia sasa, kabla ya kubonyeza lolote unalolionea fahari, hifadhi kazi kwa jina jipya lenye tarehe, na ngoma ya asili iache hapohapo umeizima sauti, ili ukikosea uwe na pa kurudi. Ukirekodi ngoma za kwetu, ile mistari ifiche. Ukiihitaji sana, gonga kidole ukimfuata mpigaji, programu iipange mistari kwa kumfuata yeye. Anayepaswa kusogea ni mstari, Simeon.

Lakini hakuna njia ya mkato iliyo fupi kuliko hii uliyoiruka: ungempa Baya asikilize. Dakika sita tu. Mwenye ngoma hakuisikia ngoma yake mpaka siku ya harusi, mbele ya wakwe! Lilikuwa kosa la haraka, ama ulikuwa na sababu ya kutotaka asikie? Hapo ndipo ninapokutilia shaka.

Mbuzi usipeleke. Mbuzi ataliwa Jumapili, na Baya atabaki hajui ulimfanyia nini na kwa nini. Suti ndiyo mbaya zaidi, koti alikuwa nalo na alilivua kwa sababu yako. Studio usifunge, una mke. Na usingoje asahau, kwa maana hatasahau, na kile kibuyu hakuna wa kukirudisha.

Nenda Ganze Jumamosi hii. Nenda mwenyewe, si kwa simu. Chukua ngoma yake ya asili, mpe. Kisha mweleze kilichotokea ndani ya chumba kile tangu alipotoka, na neno virusi lisikutoke kinywani. Akikufukuza, ondoka, na wiki inayofuata urudi.

*

Bi Ilham,

Nimekwenda. Ngoma zilikuwamo kwenye folda, kama ulivyosema. Baya alinisikiliza amesimama, hakunikaribisha kiti. Nilipomaliza akanitupia kayamba.

"Piga."

"Baya, mimi sijui."

"Najua hujui. Piga, nikuonyeshe mahali pigo linapokaa."

Nikapiga mpaka jua likazama, na Hawe Pola akinitukana kutoka jikoni kila nilipowahi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Kuhusu Sidi na kile kibuyu hatukusema neno. Nilitaka kulianzisha, akainua mkono.

Wewe uliuliza kama nilikuwa na sababu ya kutotaka asikie. Haya ndiyo niliyomwambia, bila kupunguza.

Siku ile alipotoka studio nilifunga mlango, nikaifungua rekodi peke yangu. Kila pigo lake zito lilikuja nyuma kidogo ya mstari. Sikuwaza kwamba ndipo linapokaa, kwamba wanawake huingiza mguu kwenye nafasi ile, ingawa nimeisikia ngoma hiyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Nilitazama kioo, sikusikiliza. Nikasema moyoni, masikini rafiki yangu amezeeka, mikono imechoka, na bintiye anaolewa. Nikamwonea huruma. Nikachagua ngoma zote tatu, nikabonyeza Q, nikahifadhi. Sikumpa asikilize kwa sababu sikutaka ajue kwamba nimejua. Nikazima kompyuta, nikaenda kwa Janet kunywa chai, na nilikuwa na furaha, Bi Ilham, kwa kuwa niliamini nimemsitiri.