Blanketi Kutoka Pápa

Szentendre, Hungaria
Alhamisi, 9 Mei 2024

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi wawili tuna afya, ni miguu tu inayolalamika. Wewe je, goti limepoa? Na Baba bado anakunywa chai na keki ya harusi kila asubuhi?

Naandika barua kamili kwa sababu ulisema meseji za vipande vipande ni za kutangazia matanga. Mama, nimeolewa. Huwa najiambia hivyo kwenye basi, polepole, halafu Sosthène ananiuliza nacheka nini. Mji huu uko kando ya mto Danubi, na vichochoro vyake ni vyembamba hata mikoba yetu ya mgongoni inakwaruza kuta. Mabasi ni ya manjano. Tunashuka popote tunapoona kanisa la zamani au mahali pa kula supu. Sosthène amejifunza neno la asante kwa lugha yao, anamwambia kila mtu. Leo amemwambia hata mwanamume aliyemkanyaga.

Ndoto hii ilianzia kwenye ile kalenda ya picha katika chumba cha kufulia pale hotelini anakofanya kazi, Bloomington. Miaka yote akikunja mashuka alikuwa anatazama mji unaoitwa Kőszeg. Sasa tunaelekea huko, nami nimeketi karibu na dirisha, yeye ameniegemeza kichwa. Sikujua mtu anaweza kufurahi mpaka akasikia usingizi.

Hujajibu ujumbe wa kusema tumefika. Nadhani ni shifti za kazini.

Binti yako,
Maureen

—

Tata, Hungaria
Jumatatu, 13 Mei 2024

Mama,

Salamu tena, na kwa Baba pia. Natumaini mko salama, ingawa kimya hiki kinaniambia vingine.

Tuko Tata. Kuna ziwa katikati ya mji, na ngome ya mawe imekaa majini kana kwamba imekuja kuoga. Tumeizunguka tumeshikana mikono, bibi mmoja akatupa matunda ya cherry mawili mawili kutoka kwenye mfuko wake. Ningekueleza mengi, lakini kila tukipata mtandao Sosthène anauliza kwanza, "Mama ameandika?" Namwambia bado, anairudisha simu mfukoni.

Pale uwanja wa ndege alipokukumbatia, nilikuona ukitazama viatu vyako. Tangu hapo hujasema neno. Niambie tu, hata kama ni baya.

Wako,
Maureen

—

Richfield, Minnesota
Jumatano, 15 Mei 2024

Maureen mwanangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Goti liko vilevile. Baba yako amemaliza keki, sasa anatazama sahani.

Siumwi. Nilikasirika, halafu nikaona aibu kwamba nimekasirika, ndiyo maana nikanyamaza. Huyo kijana alinikumbatia mbele ya watu wote wa kanisa waliokuja kuwasindikiza, mpaka miguu yangu ikaacha sakafu. Kwetu Bungoma mama na mume wa binti yake hawashikani hata mkono. Nyanya yako, mama yangu, akimwona Baba yako njiani alikuwa anaingia kwenye mahindi. Hakumchukia. Ndivyo walivyoheshimiana. Mpaka mkwe amtolee mama blanketi, tena lipelekwe na mtu mwingine, si yeye mwenyewe. Baada ya hapo mama anaweza kuingia kwake, akakaa, akala.

Najua hapa ni Minnesota. Kazini nawavalisha wazee wa watu soksi, wananikumbatia, nami nawakumbatia. Lakini binti ninaye mmoja. Niliacha vitu vingi nyumbani nilipokuja huku, hiki sikukiacha.

Kwa hiyo ile Jumapili ya kubariki nyumba yenu, Baba yako atakuja. Mimi sitakuja. Sijui nitakuja lini. Nimesema kwa upole, kwa hiyo usilie ndani ya basi la watu.

Huyo kijana anakula vizuri? Alionekana mwembamba ndani ya ile suti.

Mama yako

—

Kőszeg, Hungaria
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Sosthène si mzima, na nitafika huko.

Nililia ndani ya basi la watu. Sosthène akaomba nimsomee barua, nikamsomea, akaomba tena. Halafu akasema, na unamjua anavyosema, "Miye nilizani namupenda mama mbele ya watu wote, kumbe namuvunjia heshima. Kwetu ukiaga mama bila kumukumbata, atasema umemukataa." Basi likasimama mji unaoitwa Pápa. Hatukuwa tumepanga kushuka Pápa. Alishuka kabla sijavaa mkoba.

Huko wanajulikana kwa kitambaa cha bluu chenye vidoa vyeupe, wanakipaka rangi kama zamani. Tumeingia duka baada ya duka. Kila blanketi lililoletwa alilikunjua na kulishika pembe kama mashuka ya kazini, halafu akatikisa kichwa: jembamba, jembamba. Mwisho mama mmoja mwenye duka akapanda ngazi, akashuka na blanketi la sufu, zito, limezungushiwa pindo la kile kitambaa. Sosthène akaliweka begani, akafumba macho. Mama, nilimpenda upya pale pale, mbele ya yule mama na mkasi wake.

Halikuingia kwenye mkoba. Akatoa koti lake na viatu vya pili, akampa yule mama awape wenye shida. Tulipofika Kőszeg mvua ikatupata kati ya kituo na nyumba ya wageni. Koti la mvua lilikuwa moja. Akalivalisha blanketi.

Sasa amelala, ana homa na kifua kinakwaruza. Dirishani unaonekana ule mnara wa kwenye kalenda, naye hawezi kuinuka kuutazama. Kengele zilipolia saa tano asubuhi aliniuliza kama ni zile walizotuambia, zinazopigwa kila siku kukumbuka siku jeshi la Waturuki lilipoondoka zamani bila kuuteka mji. Nikasema ndizo. Akatabasamu, akalala tena.

Alinikataza kukuambia habari za blanketi. Lakini wewe ndiye nesi ninayemwamini. Nifanye nini?

Maureen wako

—

Richfield
Jumatatu, 20 Mei 2024, mchana

Maureen,

Nimesoma nikiwa kazini, nimeomba dakika chache. Mpime homa. Ikipita thelathini na tisa, au akipumua kwa shida, mpeleke kwa daktari leo, usingoje kesho. Kama sivyo, mpe dawa ya homa kutoka duka la dawa, maji mengi, tangawizi na asali. Asukutue koo kwa maji ya chumvi. Mlaze kichwa juu ya mito miwili. Umvue hilo shati bichi, najua bado amelivaa.

Mwambie blanketi si kuku, halifi kwa mvua. Mtu ndiye hufa. Koti ni la mtu.

Sijasema nitakuja. Niandikie jioni homa imefika wapi. Andika hata kama ni kipande.

Bluu ya namna gani?

Mama

—

Bloomington, Minnesota
Jumatano, 29 Mei 2024

Mama,

Salamu kutoka karibu kabisa. Tumefika jana. Homa ilimwacha siku ya tatu, kama nilivyokuandikia, na siku ya mwisho alisimama chini ya mnara wake mpaka shingo ikamuuma. Bluu ni ya jioni, kabla taa hazijawashwa.

Nilitaka tupande gari tukuletee blanketi wenyewe. Amekataa. "Mama amesema mutu mwingine." Kwa hiyo tumelipeleka kwa mama yake, Mama Goretti, kule Saint Paul. Nilidhani atatucheka. Alilishika pindo, akasema hata kwao zamani mkwe na mama walikuwa hivyo, ila wanawe walikulia kambi ya wakimbizi, pa kukimbilia hapakuwepo, mahema yalikuwa yamebanana. Atakuja kwako Jumamosi.

Sikuombi chochote. Jumapili tunapika. Kuna kiti, lakini sikuombi.

Binti yako,
Maureen

—

Bloomington
Jumapili, 2 Juni 2024

Maureen mwanangu,

Natumaini mmeamka salama. Sisi tumeamka salama, na Baba yako amevaa tai.

Mama Goretti alikuja jana. Aliliweka blanketi kichwani kuanzia garini, akapiga vigelegele kutoka maegesho mpaka mlangoni, jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna moto. Nikamwambia hapana, ni blanketi. Tulikula sombe aliyoileta, yale majani ya muhogo, na ugali wangu. Ameniambia huyo kijana alipokuwa mdogo aliaga watu wengi ambao hakuwaona tena, ndiyo maana hukumbatia kwa nguvu hivyo. Sikulijua hilo. Usiku nimelala nimejifunika hilo blanketi, Juni hii, nikatoka jasho, sikulitoa.

Barua hii ni fupi kwa sababu niko ndani ya gari, chini ya dirisha lenu. Nimeleta kuku na chapati. Sufuria ni nzito, na goti langu unalijua.

Mwambie mkwe wangu ashuke aibebe. Asinikumbatie. Mkono nitaunyoosha mimi.

Mama yako