Pale Namba za Redio Zinapoanzia

Kitengela

Kwa dada yangu mpendwa Namalwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, huku kwenye vumbi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limeacha kukusumbua, na ile ng'ombe ya pembe moja imezaa salama. Sisi tuko wazima, Mungu ametuweka. Mvua bado. Upepo unatoka upande wa Kajiado na kunimwagia mchanga wake wote kwenye nyanya, mpaka wateja wananiuliza kama siku hizi nyanya zinachimbwa kama viazi.

Najua unajiuliza mbona ninaandika na simu iko. Dada, wewe ukipokea simu unaiweka kwa spika, na boma lote linasogea kusikiliza. Hili si la boma lote. Ndiyo maana nimempa Wangila wa kaka yetu akuletee mkononi, na nimemwonya asiifungue.

Kwanza nijibu habari ya arusi. Ulinitumia ujumbe kwamba Nalianya wako anaoa Desemba, na mmekubaliana Maryanne wangu awe MC kwa sababu yeye ni sauti ya TV. Nilifurahi mpaka nikawasomea wamama wote wa hapa sokoni, nikaurudia, mpaka Mugure wa viazi akasema ameushika kwa kichwa kama sala. Si kujisifu, lakini niambie, nani mwingine kwa ukoo wetu ambaye sauti yake inaingia kila nyumba? Mimi niliachia shule darasa la sita. Mtoto wangu anasema Kiswahili mpaka Wafilipino wanafungua midomo tu, yeye ndiye anawaongelea.

Huko nyumbani watu huuliza mbona hawamwoni, kwa hivyo nieleze. Ni ile filamu ya Wafilipino inayokuja kila jioni. Kuna mwanamke tajiri anaitwa Korina, mwenye kiburi, anayetukana wafanyakazi na kulia akiwa peke yake. Uso ni wa Mfilipino, sauti ni ya Maryanne. Hapo ndipo Mugure alinisumbua sana. Alisema mtoto wangu ni staa asiye na uso, na kwamba kama ni hivyo hata yeye anaweza kuwa staa akiwa amelala nyuma ya magunia yake. Na ukweli, hata mimi kwa TV sikuwa ninaridhika. Yule mama anafunga mdomo na mtoto wangu bado anaongea. Ni kama kumwona mtu mwingine amevaa nguo za binti yako.

Halafu redio ikaniokoa. Iko ile ndogo yangu ya kibandani. Jioni moja nilikuwa natafuta nyimbo za kanisa, nikazungusha mpaka chini kabisa, pale namba zinapoanzia, kabla hata ya stesheni ya kwanza. Kukawa na mvumo, halafu nikasikia mtu anavuta pumzi. Unaijua ile pumzi ya Maryanne, wewe ndiye ulikuwa unamcheka akikariri mistari ya Biblia: kabla ya neno la kwanza anavuta kidogo kwa pua, kama mtu anayetaka kuingia kwa maji baridi. Nikajua ni yeye kabla hajasema. Halafu akamtukana mpishi wa Korina matusi ya kifahari, na mimi nikamwacha mteja na sukuma wiki yake mkononi.

Niliwatangazia wamama kwamba TV imeingia kwa redio kwa sababu ya binti yangu. Opiyo, fundi wa simu, alicheka mpaka akakaa chini. Alinieleza kwamba Kahiga, mwenye ile hoteli ya nyama choma ng'ambo ya barabara, hakutaka kuvuta waya mpaka kwenye meza za nje, kwa hivyo alinunua kidude kinachorusha sauti ya TV yake, na redio alizotundika kwenye miti zinaidaka. Basi na yangu inaidaka. Aliniambia si muujiza, ni Kahiga tu. Mimi sikujali ni nani. Hapo hapakuwa na uso wa Mfilipino. Palikuwa na mtoto wangu peke yake.

Lakini dada, kusikiliza TV ambayo rimoti iko kwa mkono wa mtu mwingine ni mateso. Korina anaanza kulia, anavuta ile pumzi, anataka kumwambia mumewe siri, na ghafla ni mwanaume anapiga kelele ya kona na penalti. Walevi wa Kahiga wanataka mpira. Nilivuka barabara kugombana naye mpaka nikachoka. Aliniuliza kama nimewahi kununua hata kiuno cha mbuzi kwake ndiyo nimchagulie chaneli. Mwishowe tukapatana: dania yote ya kachumbari yake itoke kwangu bure, na yeye asiguse chaneli mpaka Korina amalize. Wateja wake walinung'unika kwamba siku hizi wanatawaliwa na mama mboga. Nikawaambia ndiyo.

Mwezi wa nane Maryanne alikuja kunitembelea kutoka Gataka anakokaa. Alikaa kwenye kreti la soda kando yangu, na Korina alipoanza, Maryanne akaongea pamoja naye neno kwa neno, kicheko kwa kicheko, kwa sababu alikuwa ameshayasoma yote studio. Watu walisimama. Mmasai mmoja mteja wangu alizunguka nyuma ya kibanda kutafuta huyo mwingine yuko wapi. Mugure hakusema kitu mpaka jioni ikaisha. Dada, nikilala nakumbuka kimya cha Mugure nacheka.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nishike kalamu.

Jioni moja Korina aliongea na nikahisi kitu kimekosekana. Sauti ni ya Maryanne, hata ile hasira yake, lakini anamaliza maneno marefu na kuanza mengine bila kuvuta pumzi. Nilibadilisha betri. Nikavuta aerial mpaka ikakatika ncha. Nikampelekea Opiyo, akaifungua, akaifunga, akasema redio haina neno. Nikamuuliza Mugure, yeye huiangalia nyumbani, akasema Korina ni yule yule, ila amebadilisha hereni.

Nikampigia Maryanne. Alisema kazi iko sawa, Mama, niko studio, nitakupigia. Na nyuma yake nikasikia kuku. Studio gani iko na kuku?

Jumapili iliyopita akaja. Amekonda. Akakaa kwenye lile kreti, nikampa minji atoe maganda. Korina akaanza, na Mugure, ambaye siku hizi amekuwa mshabiki, akamwita kwa sauti amwonyeshe vile anaongea na yeye mwenyewe kama siku ile. Maryanne akainamisha kichwa. Kwa redio sauti yake inamfukuza mkwe nyumbani, na yeye hapa mdomo umefungwa. Niliangalia midomo yake, dada. Haikutikisika hata kidogo. Hakuwa anajua Korina atasema nini. Alikuwa anasikiliza kama sisi.

Nikamwambia Mugure mtoto anaumwa koo.

Tulipokuwa tunafunga kibanda ndipo aliniambia. Pale kazini walimpa karatasi nyingi asome, za furaha, za hasira, za kilio, wakisema ni mazoezi. Alisoma mpaka akakauka. Halafu wakamwambia asante, kompyuta imeshajifunza sauti yake, itaendelea yenyewe. Huko Gataka anamsaidia mwenye ploti kuangalia kuku. Nilimuuliza kama wanaweza kuchukua sauti ya mtu na mtu bado yuko. Alisema alitia sahihi bila kuelewa. Huyo ndiye niliyemsomesha ili asitie kidole kama mama yetu.

Sijui nimkasirikie nani. Kompyuta haina uso wa kupiga kofi.

Na jambo ambalo sijamwambia mtu ni hili: jana mteja aliniuliza kama huyo kwa redio ni binti yangu, na nikasema ndiyo, huyo ndiye. Nilisema kwa mdomo huu. Na kila jioni Kahiga anatimiza ahadi yake. Mpira ukiwa mkubwa namna gani, hagusi chaneli, na sasa ananiongezea sauti akinipungia mkono kutoka ng'ambo, akidhani ananifurahisha. Nitamwambiaje aweke mpira? Nampungia na mimi, na kumpelekea dania.

Kwa hivyo dada, nakuomba. Maryanne amekataa kuwa MC. Anasema watu watataka sauti ya TV na yeye hanayo tena. Mpigie wewe mwenyewe, na siku hiyo usiweke spika. Usimtajie TV. Mwambie tu Nalianya anamtaka dada yake. Akikubali, wewe kaa mbele kando yangu, na kabla hajasema neno la kwanza, sikiliza. Ukisikia pumzi, nigonge kwa kiwiko, kwa sababu mimi nitakuwa nimefumba macho.

Nisalimie shemeji, watoto wote na yule mzee wa mashine ya kusaga. Mugure anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Nasimiyu, Mama Maryanne