Ndiyo ya Rajabu

Mwanza

Kaka yangu Mwalimu Shomari,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kama inavyonipasa, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na kwa kuwa nikishaanza kusema niliyo nayo huenda adabu ikanipotea njiani. Mama hajambo? Magoti yake yamempa nafasi sasa, au bado akisujudu hainuki mpaka ashikwe mkono? Na shemeji, na wanangu, hamjambo nyote? Mimi ukiniuliza mwili, ni mzima, alhamdulillahi. Ukiniuliza roho, imechafuka, na iliyoichafua ni barua yako.

Nimeisoma, nikairudia, nikidhani labda macho yangu yamenidanganya. Waniandikia kwamba habari za Rajabu zimefika Bagamoyo: ameiba mafuta ya Mzungu na amekiri kwa kinywa chake. Waniandikia kwamba mama yake huko Makurunge hatoki tena, hata arusini haonekani, maana akipita watu wananong'ona. Halafu ukaongeza, na hapa ndipo nilipotema mate, kwamba ulipoulizwa barazani ulisema, "Kama alijibu yes, basi alikiri. Yes na no nilimfundisha mimi mwenyewe, anazijua." Ni kweli ulimfundisha, kaka. Ndicho kinachonichoma.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, kwa sababu mimi nilikuwepo na hao wasemaji wa barazani hawakuwepo. Unajua tuko pamoja katika kiwanda cha kuchambua pamba, vumbi lake linatugeuza wazee, jioni kila mtu ana nyusi nyeupe. Mimi ni karani wa mizani, na Rajabu alikuwa mtunza bohari. Nazi huku hakuna, mchuzi wao ni maji yaliyopitiwa na chumvi, lakini hayo tuliyazoea na tukacheka. Asubuhi moja pipa la mafuta ya injini lilikutwa tupu, koki yake imelegea. Ufunguo wa bohari ulikuwa kwa Rajabu. Bwana meneja akatoka na kaptura yake, akamsimamisha mbele yetu sote, akamuuliza kwa Kiingereza, "You did not open this tap?" Yaani, wewe hukuifungua koki hii? Rajabu akasimama wima, mikono ubavuni, kama ulivyotuzoeza, akajibu, "Yes, sir."

Wewe na mimi tunajua alichosema. Mtu akikuuliza, "Hukufungua?" na kweli hukufungua, unamwambia, "Ndiyo," maana yake ni kama usemavyo, sikufungua. Mtoto wa Kerege anaelewa hivyo na bibi kizee wa Mkange anaelewa hivyo. Kwa Mzungu ni kinyume. Ukimjibu yes, masikioni mwake umesema, naam, niliifungua mimi. Asiye na kosa kwao hujibu no. Basi meneja akauliza tena, polepole, kama anayesema na kiziwi, kwamba hukuiba mafuta yangu? Naye Rajabu, kwa kuwa ameulizwa mara ya pili na anataka kuaminiwa, akapaza sauti zaidi, "Yes, sir." Kadiri alivyojitetea ndivyo alivyojifunga. Askari wakaitwa wakamchukua. Nilipojitokeza kueleza, nikaambiwa yes ni yes dunia nzima, nirudi kwenye mizani yangu.

Nilirudi, na siku ile sikumbuki nilipima nini. Nililokuwa nikiliona ni darasa lako. Ulipenda kutuambia samaki mkunje angali mbichi. Ulitukunja kweli, ila ulitukunja kuelekea kusiko. Wakumbuka tulivyokuwa tukiitikia "Yes, sir" darasa zima kwa mkupuo, mpaka kuku wa jirani wanakimbia? Ulilolitaka ni tuitike kwa pamoja. Kama mtu ameelewa au hakuelewa, hilo lilikuwa shauri lake. Na wamkumbuka yule mtoto wa seremala uliyemuuliza kwa Kiingereza kama hakuja na kibao chake? Hakuja nacho, akajibu, "No, sir." Leo najua kwamba katika darasa lile ni yeye peke yake aliyejibu Kiingereza. Wewe ukasikia ubishi, ukamchapa mwanzi mpaka akajikojolea, na sisi wengine tukajifunza somo letu hapo hapo: no ni ujeuri, no ina fimbo. Kaka, hukujua mwenyewe. Nami naogopa mpaka leo hujui.

Usidhani nakucheka kwa makosa ya Kiingereza. Huku tumekusanyika makarani kutoka kila shule ya nchi hii, na wote tunakosea mahali pamoja, kama watu waliojikwaa kisiki kimoja. Mwenzangu wa Tanga hukosi kumsikia akisema "borrow me your pen," kwa sababu kwetu kuazima ni kutoa na ni kupokea. Mwingine aliomba ruhusa akaandika kwamba mama yake "he is sick," na Wazungu wakacheka wakapeana ile karatasi mkono kwa mkono. Sisi mama ni yeye na baba ni yeye, tena hatujawahi kuwachanganya. Waache wacheke. Mbona meneja wetu miaka yote aliyokaa huku Kiswahili chake ni lete, toa na upesi, na hakuna aliyemchapa? Makosa ya namna hiyo hayamwui mtu. Kinachonitia kinyaa ni shule iliyotuimbisha nyimbo za theluji, kitu tusichojua kama kinaliwa au kinavaliwa, ikatukaririsha mito ya Ulaya, na katika miaka yote hiyo isipate hata asubuhi moja ya kutufundisha jinsi ya kumwambia mtu mkubwa kwamba sikufanya. Walitaka vijana wa kuitika, na walimu wakawatengenezea. Kukana hakukuwa somo.

Bado hujasikia uozo wenyewe. Kesho yake nilimwendea meneja ofisini. Nilimweleza kwa utaratibu, kwa mifano, jinsi ndiyo yetu inavyokwenda. Akanikodolea macho, akaniuliza kwa Kiingereza chake, huniiti mimi mwongo? Nami, wallahi kaka, mimi niliyekwenda kumsomesha, ulimi ulinitoka wenyewe kwa mazoea ya darasa lako: "Yes, sir." Nikaganda pale pale nikingoja kufukuzwa. Yeye akatikisa kichwa ameridhika, akaniambia vizuri, nenda kazini. Umeona? Alinielewa. Yes yangu aliisikia kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ilimfaa; ya Rajabu aliisikia kwa Kiingereza kwa sababu alitaka mtu wa kutiwa pingu. Nilirudi mlangoni nikamwambia, bwana, hiyo ndiyo yes ya Rajabu. Masikio yakamwiva, akanifungia mlango.

Kwa hakimu mambo yalikuwa mafupi. Mkalimani alikuwa mzee mmoja wa Pangani anayezijua lugha zote mbili, akamuuliza Rajabu kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, na jibu likafika kama lilivyotoka. Shahidi hakuna. Koki ilipoletwa ikaonekana imelika, hata ukiifunga inavuja. Rajabu akaachiwa. Je, haya hayakufika Bagamoyo? Hayakufika, maana habari ya mtu kukiri ina miguu, ya mtu kuachiwa ni kiwete.

Kiwandani hawakumrudisha. Sasa anabeba magunia gatini, yeye na mwandiko wake ule mzuri. Alikuwa ameshafunga mzigo wake aje nyumbani apumzike kwa mama yake, na barua yako ikaja. Aliniomba nimsomee habari za kwetu. Nikasoma salamu, nikasoma habari za mavuno, nikafika pale penye neno lako nikaikunja karatasi. Akanyoosha mkono akaichukua, akamalizia mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Mwalimu ndiye aliyesema hivi?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Kama meneja, ningesema ni mgeni, hanijui. Mwalimu ananijua tangu sijui kushika kalamu. Basi siendi, Abdallah. Nikafike nimtazame nani?" Akaufungua mzigo, akatandaza nguo zake tena kwenye kamba. Tangu siku hiyo ukimtajia Bagamoyo anaondoka.

Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Meneja alimtoa kazini, wewe umemtoa kwao. Sikuandikii haya ili nikuvunjie heshima. Ulinilea baada ya baba kufariki, na chakula nilichokula ni cha mshahara wa mwanzi ule ule. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Angekuwa mtu baki, ningeichana barua nikalala.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie kanga atapata, nimeshamchagulia yenye maneno asiyoweza kumwonyesha jirani. Msalimie shangazi muuza vitumbua, na mjomba mshona kanzu, umwambie ile aliyonishonea imenikaa vema ila mapana yamebaki mengi, chakula cha huku hakijazi. Shemeji nambusu mkono. Wanangu wape pole ya shule.

Sasa nina ombi moja, na ukinikatalia hili sijui tutaandikiana nini tena. Nenda Makurunge. Usimtume mwanafunzi, usimtume shemeji, wala usiandike. Nenda wewe kwa miguu yako, ukiwa na kofia yako ya kwenda barazani, ukae mkekani kwa Mama Rajabu. Usimweleze habari za Kiingereza, hazimhusu. Atakuuliza jambo moja tu, ndilo analomuuliza kila anayeingia mlangoni kwake. Atakuambia, "Mwalimu, mwanangu hakuiba?" Mjibu, "Ndiyo." Yeye atakuelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Abdallah